Mtoto amepata chuo: mzazi ujipange vipi?

Mwishoni mwa Oktoba, stendi nyingi za mabasi mikoani hujaa vijana wenye masanduku, magodoro yaliyofungwa kamba na ndoo zenye mifuniko. Ndani ya ndoo mama ameweka unga, maharage na karanga. Baba anasogea dirishani, anampa kijana noti mbili tatu za mwisho mfukoni, anasema, "Kasome, mwanangu." Basi linaondoka.

Wazazi wengi wakigeuka kurudi nyumbani huona kazi imekwisha. Mtoto amefaulu kidato cha sita, amepata chuo, yaliyobaki ni yake na walimu wake. Lakini miezi miwili ya mwanzo chuoni ndiyo hubana kuliko yote. Mkopo unaweza kuwa haujaingia, mwenye nyumba anataka kodi, masomo yanafundishwa kwa Kiingereza na kwa kasi, na kijana hana mtu wa kumwambia "leo sijala".

Makala hii inaeleza jinsi hela ya chuo inavyoingia na kutoka, inavyogongana na msimu wa shamba, na namna ya kuzungumza na kijana kwa simu ili akikwama useme umejua mapema. Mifano yetu ni ya Tanzania, hasa kwa familia inayotegemea kilimo.

Nyumba moja, kalenda mbili

Matokeo ya kidato cha sita kwa kawaida hutoka mwezi wa saba. Kuanzia hapo yanafuata maombi ya chuo na ya mkopo. Vyuo vikuu vingi hupokea wanafunzi wapya mwishoni mwa Oktoba au mwanzoni mwa Novemba.

Sasa tazama kalenda ya shamba. Katika mikoa kama Ruvuma, Rukwa, Songwe, Mbeya, Iringa na Njombe, mahindi huvunwa kati ya Mei na Agosti. Mwezi wa saba mahindi yako nyumbani, ila bei iko chini kwa sababu kila mtu anauza. Ikifika Oktoba na Novemba bei mara nyingi imepanda, lakini hapo ndipo unatafuta mbegu na mbolea, maana mvua inakaribia.

Kwa hiyo mwezi wa kumpeleka mtoto chuo ndio huo huo mwezi wa mbolea. Familia isiyojipanga hujikuta ikichagua: mtoto aende na hela ya kutosha na shamba likose mbolea, au shamba lihudumiwe na mtoto aende mikono mitupu. Wapo wanaokopa kwa riba kubwa ili wafanye yote mawili, na deni hilo huja kulipwa kwa mavuno ya mwaka unaofuata.

Njia ya kupunguza mgongano huo ni kutenga mapema. Matokeo yakitoka na ukaona mtoto ana nafasi ya kwenda chuo, hesabuni magunia ya chuo kabla hamjaanza kuuza mengine. Yahifadhini kwenye mifuko isiyopitisha hewa ili dumuzi wasiyamalize, muyauze siku za safari zikikaribia. Kama hela yenu hutoka kwenye kuku, mbuzi au mchezo wa kupeana, panga mapema zamu yako iangukie Oktoba. Kwa wakulima wa korosho wa Mtwara na Lindi hali ni tofauti kidogo, kwa kuwa minada huanza karibu na wakati huo huo wa kufungua vyuo. Hata hivyo usiahidi hela ya mnada kabla haijaingia kwenye akaunti, kwa sababu malipo yanaweza kuchelewa.

Kabla ya kulipa chochote

Mambo matatu yahakikishwe kwanza.

La kwanza, chuo kinatambulika? Vyuo vikuu viko chini ya Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU. Vyuo vya kati vinavyotoa astashahada na stashahada viko chini ya NACTVET. Taasisi zote mbili huweka orodha ya vyuo kwenye tovuti zao. Muombe kijana afungue kwenye simu mkiwa mmekaa pamoja, muione kozi yenyewe, si jina la chuo tu.

La pili, someni fomu ya kujiunga yote, ukurasa kwa ukurasa. Ada imeandikwa hapo, lakini chini yake kuna michango mingine: usajili, mitihani, kitambulisho, serikali ya wanafunzi, bweni, bima ya afya. Familia nyingi hujiandaa kwa ada peke yake, kisha zinashtuka.

La tatu, hela inalipwa wapi? Vyuo vya serikali hutoa namba ya kumbukumbu ya malipo, ambayo unalipia benki au kwa simu na hela inakwenda moja kwa moja kwenye mfumo wa serikali. Vyuo binafsi hutaja akaunti ya benki yenye jina la chuo. Mtu akikupigia akisema yeye ni "afisa wa chuo" na utume hela kwenye namba yake ya simu ili nafasi ya mwanao isipotee, usitume. Ujumbe wa kitapeli unaweza kuupeleka kwenye namba 15040.

Kuna utapeli mwingine unaowalenga wazazi baada ya mtoto kuondoka. Simu inaita usiku: "Mwanao amepata ajali, yuko hospitali, tuma laki mbili haraka." Kabla hajasafiri, kubalianeni neno moja la siri mnalolijua nyinyi tu. Asiyelijua neno hilo hapewi hela, hata akilia.

Mkopo wa elimu ya juu unavyofanya kazi

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, HESLB, ilianza kazi mwaka 2005. Hapo mwanzo ilijulikana kwa mikopo ya wanafunzi wa shahada. Kuanzia mwaka wa masomo 2023/24, wanafunzi wa baadhi ya kozi za stashahada nao waliingizwa. Kama mwanao anakwenda chuo cha kati, soma mwongozo wa mwaka husika uone kama kozi yake imo.

Maombi hufanyika kwa mtandao na ndani ya muda uliopangwa. Nyaraka ndizo huwakwamisha watu wa vijijini. Cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe na RITA kwa Tanzania Bara, na kwa Zanzibar na ZCSRA. Mtoto aliyefiwa na mzazi anahitaji cheti cha kifo, nacho kimehakikiwa. Familia iliyo kwenye mpango wa TASAF inapaswa kuonyesha uthibitisho wake. Vitu hivi haviandaliwi kwa siku moja, na mzazi ndiye anayeweza kuvishughulikia mapema, hata kabla ya matokeo kutoka. Kama jina la mtoto kwenye cheti cha kuzaliwa linatofautiana na la cheti cha kidato cha nne, anzeni kulirekebisha sasa.

Mkopo ukipangwa, haumaanishi kila mwanafunzi anapata kila kitu. Mmoja anaweza kupewa ada yote, mwingine sehemu, kulingana na uhitaji ulioonekana kwenye maombi. Asiyepata au aliyepata kidogo anaweza kukata rufaa dirisha la rufaa likifunguliwa, naye aambatanishe ushahidi ambao hakuuweka mwanzoni.

Hela ya mkopo hupita njia mbili. Ada hulipwa kwa chuo. Mwanafunzi haishiki mkononi. Hela ya chakula na malazi, ambayo wanafunzi huiita bumu, huingia kwenye akaunti ya mwanafunzi kwa awamu, na mara nyingi awamu moja ni ya siku 60. Mwaka 2023 serikali ilitangaza kupandisha kiwango hicho kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku.

Jambo ambalo wazazi wengi hawalijui ni hili: bumu la kwanza haliingii siku mtoto anaposhuka kwenye basi. Lazima aripoti, asajiliwe, akaunti yake ya benki ikubaliwe, na athibitishe malipo yake chuoni. Kosa dogo la jina au namba ya akaunti linaweza kumchelewesha wakati wenzake wameshapokea. Kwa hiyo hata mwenye mkopo kamili aondoke nyumbani na hela ya kula ya wiki tatu au nne.

Na mkopo ni deni. Kijana akimaliza na kuajiriwa, mwajiri humkata asilimia 15 ya mshahara wake hadi deni liishe. Hili lisemwe nyumbani wazi, kwa sababu zipo familia zinazomuona mwanafunzi kama mtu aliyepata hela ya serikali. Mdogo wake anahitaji sare, shangazi anaumwa, paa linavuja, naye anapigiwa simu atume kidogo. Kijana mwenye heshima hawezi kukataa. Anatuma, kisha analala njaa kwa siku alizokopeshwa kwa ajili ya kula. Mzazi unaweza kumlinda kwa kuwaambia ndugu mapema: "Hela ile ni ya chakula chake, na atailipa mwenyewe."

Hesabu ya bumu la kwanza

Kaeni na kijana, kalamu na daftari, mfanye hesabu kama hii. Bei badilisheni kulingana na mji anaokwenda.

Awamu ya siku 60 kwa shilingi 10,000 kwa siku ni shilingi 600,000. Tuseme anakula kwa shilingi 5,000 kwa siku: 300,000 imekwenda. Tuseme hakupata bweni, amepanga chumba cha shilingi 50,000 kwa mwezi. Kwa miezi miwili ungedhani ni 100,000. Lakini wenye nyumba wengi mijini hutaka kodi ya miezi sita kwa mpigo: 300,000. Jumla ni 600,000 kamili. Hakuna nauli, hakuna sabuni, hakuna hela ya kuchapisha kazi wala bando la intaneti.

Bumu la pili linapoingia, kodi imeshalipwa. Hapo anapumua.

Hesabu hii inaonyesha msaada wako unahitajika wapi zaidi. Kama uwezo wako kwa mwaka mzima ni laki tatu, usizigawe elfu ishirini na tano kila mwezi. Sehemu kubwa itoke mwanzoni, kwenye kodi na siku za kusubiri bumu. Baadaye anaweza kujiendesha, nawe ukarudi shambani kwako.

Vitu navyo ni hela. Mzigo wa unga, mchele, maharage na dagaa hupunguza matumizi ya mezani kwa wiki kadhaa, mradi awe na mahali pa kupikia. Ulizeni kwanza: mabweni mengi hayaruhusu kupika chumbani. Akipanga na mwenzake, sufuria moja na jiko moja vinatosha wawili, na kodi inagawanyika.

Kompyuta mpakato isiwafanye muuze ng'ombe wiki ya kwanza. Itamsaidia, na kwenye kozi nyingine ni lazima. Lakini vyuo vingi vina maabara za kompyuta, na fomu ya kujiunga au walimu watasema kama kozi yake haiwezekani bila ya kwake. Asubiri aone.

Bima ya afya isirukwe. Kwa miaka mingi mchango wa mwanafunzi katika NHIF ulikuwa shilingi 50,400 kwa mwaka. Kiasi cha mwaka huu mtakiona kwenye fomu ya kujiunga. Malaria moja ya kulazwa mjini inaweza kula zaidi ya hapo.

Simu: uliza nini, uliza vipi

Mzazi akipiga simu na kuuliza, "Masomo yanaendaje?" jibu ni moja: "Vizuri, baba." Mazungumzo yamekwisha. Swali dogo huleta jibu la kweli. "Jana usiku ulikula nini?" "Leo mlikuwa na vipindi vingapi?" "Ile kazi ya kikundi mmeshaiwasilisha?" "Imebaki shilingi ngapi mpaka bumu lijalo?" Huhitaji kuwa umesoma chuo ili kuuliza hivyo.

Itasaidia ukijua maneno machache ya huko. Katika vyuo vikuu vingi, alama 100 za somo hugawanywa: 40 hutokana na majaribio na kazi za muhula, 60 mtihani wa mwisho. Maana yake, anayesubiri kusoma wiki ya mtihani ameshapoteza sehemu ya alama zake. Akifeli somo hufanya mtihani wa marudio, ambao wao huuita sapu. Sapu si mwisho wa safari. Wapo wahitimu wengi waliopitia huko. Kinachotisha ni disko, yaani kuondolewa chuoni kwa sababu ya alama kuwa chini mno.

Kati ya sapu na disko kuna muda, na ndani ya muda huo msaada unawezekana. Lakini wazazi wengi huja kujua wakati mtoto ameshaondolewa. Wengine hupita mwaka mzima wakituma hela kwa kijana ambaye hayuko tena darasani, anaishi mjini kwa kuogopa kurudi nyumbani kusema ukweli.

Kwa nini anaogopa? Mara nyingi ni kwa sababu ya maneno tuliyomwambia kwa upendo. "Tumeuza ng'ombe kwa ajili yako." "Ukoo mzima unakutazama wewe." "Usituaibishe." Siku akipata alama 28 kwenye jaribio la kwanza, maneno hayo ndiyo anayoyasikia. Anafunga mdomo.

Kabla hajapanda basi, mwambie maneno mengine: "Mwanangu, ukifeli somo, ukiibiwa, ukiumwa au ukiishiwa, nataka mimi niwe wa kwanza kujua. Siku hiyo sitakugombeza. Tutatafuta njia kwanza, mengine baadaye." Kisha simu hiyo ikija, timiza. Vuta pumzi, uliza kimetokea nini, uliza nani chuoni ameshaambiwa. Ukifoka mara moja tu, simu ya pili haitakuja.

Kwa binti, litaje na la ujauzito, wala usilitaje kama tishio. Kuna mabinti wanaoacha masomo kimya kimya kwa kuogopa baba atajua. Chuoni mwanafunzi mjamzito anaweza kuomba kuahirisha masomo, akajifungua na kurejea. Anahitaji kujua kwamba nyumbani kuna mlango uliofunguliwa.

Dalili za kuangalia

Kijana mmoja mmoja ana tabia zake, ila mambo haya ukiyaona mawili au matatu kwa pamoja, usipuuze: anaomba hela mara kwa mara na kila mara sababu ni ya dharura; bumu linaisha wiki ya pili; simu yake haipatikani siku nyingi; haongei habari za darasa kabisa; hataki kuonyesha matokeo.

Nyuma ya dalili hizo kunaweza kuwa na kubeti. Mikeka huanza kwa shilingi mia tano na hufika kula kodi ya chumba. Kunaweza kuwa na mikopo ya mitandaoni au ya mitaani, ile watu huiita kausha damu. Inawezekana pia ni ugonjwa, msongo wa mawazo, au upweke tu wa mtu aliyezoea nyumba yenye watu kumi.

Usianze na lawama. Anza kwa kupata mtu wa karibu naye. Siku ya kuripoti, muombe kijana akutumie namba tatu, uziandike kwenye daftari wala si kwenye simu tu: ya mwenzake wa chumba, ya mlezi wa bweni au mwenye nyumba, na ya ofisi ya mshauri wa wanafunzi. Ofisi hiyo ipo kwa ajili ya matatizo ya maisha ya wanafunzi, na mzazi anaweza kuipigia. Hela ikikwama, wa kuonana naye ni afisa mikopo wa chuo.

Kama hela haipo kabisa

Inatokea. Mkopo haukupatikana, rufaa haikujibu, mavuno yameharibika. Hata hapo kuna njia bora na mbaya.

Uliza chuo kama ada inalipwa kwa awamu. Vyuo vingi huruhusu, na kiasi cha kuanzia huandikwa kwenye fomu. Mwaka ukishindikana kabisa, kijana aandike barua ya kuomba kuahirisha masomo na apate jibu la maandishi. Aliyeahirisha kwa utaratibu ana nafasi ya kurudi. Aliyeondoka kimya huhesabiwa ameacha.

Usiuze shamba. Mtoto ana miaka mitatu au minne chuoni, na hela ya shamba lililouzwa inaweza kuisha mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili hamtakuwa na ada wala mahali pa kulima.

Ya kuandika kwenye daftari

Kabla ya Julai: vyeti vya kuzaliwa na vya vifo vihakikiwe, majina yafanane.

Julai na Agosti: maombi ya chuo na mkopo, magunia ya chuo yatengwe.

Septemba na Oktoba: fomu ya kujiunga isomwe yote; hesabu ya siku 60 ifanywe pamoja; neno la siri likubaliwe.

Siku ya kuripoti: namba tatu za simu ziandikwe.

Novemba na Desemba: piga simu kila wiki, hata kwa dakika tano. Uliza chakula, uliza kazi za darasani.

Muhula wa kwanza ukiisha: ombeni kuona matokeo, msome pamoja somo kwa somo. Kama kuna sapu, ulizeni tarehe yake, mpange hela na muda wa kusoma.

Akirudi likizo, mpe siku mbili alale na ale kwanza. Siku ya tatu muite kwenye kigoda nje, umuulize alichojifunza kuhusu hela, kuhusu watu na kuhusu yeye mwenyewe. Halafu msikilize hadi amalize.